UZI: Ukitapeliwa mtandaoni hapa Nairobi, hasara ibebwe na nani? Mnunuzi, muuzaji, jukwaa au mwenye mfumo wa malipo?

#1 MezaYaMalalamiko

Wadau, hamjambo. Naleta hoja, mwenye kuipinga aipinge.

Sheria za kumlinda mnunuzi tunazo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa za kutosha, na fidia akipata hasara. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 ina vifungu mahususi kuhusu mikataba ya intaneti. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza matangazo ya uongo, na ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo pia. Hata hivyo, mtu akilipa 8,500 kwenye Till (namba ya M-Pesa ya kulipia muuzaji) ya duka la Instagram, kisha duka likamfungia asiweze hata kuandika, hakuna hata moja kati ya hizo inayomrudishia pesa wiki hiyo.

Naona kiini ni mahali hasara inapoangukia. Malipo ya simu hukamilika kwa sekunde chache, na yakishakamilika mzigo wote uko kwa mnunuzi, ambaye ndiye mwenye taarifa chache kuliko wote katika biashara hiyo. Mwenye mfumo wa malipo anamjua muuzaji, maana alichukua kitambulisho chake siku ya kusajili Till. Jukwaa lilipokea pesa ya tangazo. Hawa wawili hawapotezi shilingi.

Napendekeza sera ijayo ianzie hapo: pesa inayolipwa kwa muuzaji aliyesajiliwa karibuni ishikiliwe saa 24, na ikithibitika ni utapeli, hasara igawanywe kati ya upande uliotuma na upande uliopokea. Mnaonaje?

#2 MzigoKamukunji

Napinga sehemu ya saa 24.

Muuzaji mdogo wa Kamukunji au Eastleigh ananunua mzigo alfajiri kwa mauzo ya jana. Chukua mwenye mtaji wa 40,000 na mauzo ya 15,000 kwa siku. Ukishikilia mauzo ya siku moja, zaidi ya theluthi ya mtaji wake imelala. Atakopa kwenye apu ya mikopo ili ajaze rafu, na riba ya mkopo huo ataiongeza kwenye bei. Mnunuzi unayetaka kumlinda ndiye atakayelipa.

Halafu utapeli una pande mbili. Kuna mnunuzi anayelipa, anachukua mzigo, anapanda matatu, kisha anatuma ule ujumbe wa muamala kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa irudishwe, akidai alikosea namba. Ndiyo maana kwenye Pochi la Biashara, ile akaunti ya M-Pesa ya wauzaji wadogo, mlipaji hawezi kurudisha pesa peke yake. Ukilegeza hapo, wauzaji watarudi kwenye pesa taslimu.

#3 KaraniWaMilimani

MezaYaMalalamiko, umeruka Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi Milimani Aprili 2021, chini ya Sheria ya 2016, na inatakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Mkataba wa kuuza bidhaa au huduma ni kazi yake kabisa.

Kinachoangusha wengi ni maandalizi, kwa hiyo naeleza. Kabla hujamwandikia muuzaji maneno makali, hifadhi kila kitu, kwa sababu akishtuka tu atafuta tangazo. Nakili kiungo cha tangazo lenyewe, maana picha ya skrini peke yake haionyeshi lilikuwa wapi. Nakili pia kiungo cha ukurasa wake, kwa sababu jina la akaunti hubadilishwa kwa dakika moja. Toa mazungumzo yote ya WhatsApp kama faili, usichague vipande, upande wa pili utasema umekata maneno. Ujumbe wa M-Pesa uache kwenye simu kama ulivyo, una msimbo wa herufi na tarakimu 10 na jina la aliyepokea.

Kisha tafuta jina hilo la Till kwenye eCitizen, sehemu ya usajili wa biashara. Ukishtaki "Classy Gadgets" ambayo haijasajiliwa popote, unashtaki hewa. Mshtaki mtu mwenyewe anayefanya biashara kwa jina hilo.

Mwisho, barua ya madai. Taja kiasi, tarehe, msimbo wa muamala, na mpe siku 7 au 14.

#4 Shamsa_Pangani

Kikomo cha mahakama hiyo si 200,000? Mtu aliyenunua laptopu mbili za ofisi tayari amepita.

#5 KaraniWaMilimani

Hiyo 200,000 ilikuwa kwenye sheria ya mwanzo. Ilipandishwa hadi milioni moja mwaka 2020, kabla mahakama haijaanza kufanya kazi.

#6 Ushahidi_Kwanza

Niongeze kwa #3. Kwa ushahidi wa kielektroniki, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti: karatasi inayoeleza hati ni ipi, ilitolewa kwa kifaa gani na kwa njia gani, ikiwa na saini ya anayehusika na kifaa hicho. Wengi wanapeleka picha za skrini bila cheti, wakili wa upande wa pili anasimama dakika mbili tu na ushahidi umetolewa.

#7 KaraniWaMilimani

Kweli kwa mahakama za kawaida. Ila Sheria ya Madai Madogo, kifungu cha 32, inasema mahakama hiyo haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi. Weka cheti hata hivyo, ni ukurasa mmoja tu.

#8 Njeri_Sera

Nashukuru kwa hatua hizo, lakini tunazunguka. Mtu aliyepoteza 2,300 hatafanya kazi yote hiyo. Ada, nauli ya kwenda Milimani kama kuna hitilafu kwenye mfumo wa kusajili kesi, siku ya kazi iliyopotea. Akishinda, hukumu bado si pesa, atahitaji dalali wa mahakama. Utapeli wa mtandaoni unaishi kwenye viwango hivyo vidogo kwa makusudi. Watu 900 wakipoteza 2,300 kila mmoja ni 2,070,000, na hakuna hata mmoja aliye na sababu ya kiuchumi ya kushtaki.

Kwa hiyo swali la sera ni nani anafanya kazi kwa niaba yao wote. Na hapo ndipo tumegawanya nyumba vyumba vingi mno. Tangazo la uongo ni la Mamlaka ya Ushindani, CAK. Pesa ya simu na apu za mikopo ni Benki Kuu. Laini na bando ni Mamlaka ya Mawasiliano, kule Waiyaki Way, nao watakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa kampuni. Data ni ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, Upper Hill. Ubora wa bidhaa ni Shirika la Viwango, KEBS. Kitendo kimoja cha utapeli kinagusa watano hawa, na kila mmoja ana fomu yake. Wa kwanza anakutuma kwa wa pili, wa pili anakurudisha.

#9 BabaZuhura

Mamlaka moja ilishajaribiwa kwa upande wa fedha. Muswada wa Mwenendo wa Masoko ya Fedha wa 2018 ulitaka mamlaka moja ya mwenendo na msuluhishi wa malalamiko ya sekta nzima ya fedha. Benki Kuu ya wakati huo ilipinga, na muswada ukafa. Usitarajie taasisi kutoa kipande cha mamlaka yake kwa hiari.

#10 MezaYaMalalamiko

Njeri, hoja yako ya 2,300 inaunga mkono yangu. Kama mwathiriwa hana sababu ya kushtaki, basi hasara iwekwe kwa mtu mwenye sababu ya kuizuia. Uingereza tangu tarehe 7 Oktoba 2024 mtu aliyedanganywa akatuma pesa mwenyewe benki kwa benki anarudishiwa hadi pauni 85,000, kwa kawaida ndani ya siku 5 za kazi, nusu kwa nusu kati ya taasisi iliyotuma na iliyopokea. Ile nusu ya pili ndiyo yenye maana. Anayepokea pesa za matapeli anaanza kuwachunguza wateja wake kabla ya kuwafungulia akaunti.

#11 Mhandisi_Malipo

Nimekuwa nasoma tu, lakini hapa lazima tutenganishe mambo mawili, la sivyo tutaandika sera mbovu.

La kwanza: pesa iliyotoka bila ridhaa yako. Laini imebadilishwa kwa kadi nyingine, PIN imewekwa upya, salio limehamishwa. Hukufanya lolote.

La pili: pesa uliyoituma mwenyewe kwa kudanganywa. Uliona jina, ukaweka PIN, ukathibitisha.

India, kanuni ya Benki Kuu yao ya 2017 inasema mteja hana hasara akiripoti ndani ya siku 3 za kazi pale ambapo kosa si lake wala la benki. Lakini hiyo ni ya aina ya kwanza. Uingereza wamekwenda hadi aina ya pili. Brazil walichagua njia ya katikati mwaka 2021 kwenye mfumo wao wa Pix: benki inayopokea inazuia pesa iliyobaki kwenye akaunti ya mshukiwa na kuirudisha. Udhaifu wake wa mwanzo ulikuwa wazi. Tapeli alihamisha pesa kwenda akaunti ya pili na ya tatu ndani ya dakika chache, na kizuizi kikakuta akaunti tupu.

Hapa kwetu ni vivyo hivyo. Ukiomba pesa irudishwe kupitia 456, kinachowezekana ni kuzuia salio lililobaki. Ikishatolewa kwa wakala, imekwenda. Kwa hiyo dakika za mwanzo zina thamani kuliko fomu zote za #8. Tuma ujumbe wa muamala 456 kwanza, ripoti namba ya tapeli kwa 333 pili, halafu ndipo umpigie ndugu yako kumweleza.

Kwa aina ya kwanza kinga ipo na wengi hawaitumii. *106# inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usizozijua uzikane. *100*100# inafunga laini yako isibadilishwe kwa wakala. Na simu ya Safaricom inatoka 0722 000 000 tu, nyingine yoyote ikate.

#12 MzigoKamukunji

Mhandisi amesema vizuri. Kwa aina ya kwanza kampuni ibebe hasara yote, sina ubishi. Kwa aina ya pili, mnunuzi aliyeona jina la mtu binafsi wakati anadai ananunua kwa kampuni, akathibitisha, naye abebe sehemu.

#13 Shamsa_Pangani

Na duka halali linalotumia Till yenye jina la mwenye duka je? Nusu ya maduka ya Luthuli yako hivyo. Jina halimwambii mnunuzi kitu.

#14 Njeri_Sera

Hapo ndipo Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 ingetusaidia kama ingekamilishwa. Katika mkataba wa intaneti muuzaji anatakiwa kumpa mnunuzi taarifa zilizoainishwa kabla ya kukubaliana, ampe nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa na kurekebisha makosa, kisha ampe nakala ya mkataba. Asipotoa taarifa au nafasi hiyo, mnunuzi ana siku 7 za kufuta tangu apate nakala. Asipopewa nakala kabisa, ana siku 30 tangu mkataba uanze. Maneno mazuri. Lakini "taarifa zilizoainishwa" ni taarifa zinazotajwa na kanuni, sheria yenyewe haizitaji. Andika kanuni ya ukurasa mmoja: jina la usajili, anwani ya mahali, namba ya simu inayopokelewa, bei yote pamoja na usafirishaji, muda wa kuleta, masharti ya kurudisha. Umeshaokoa watu bila kuunda mamlaka mpya.

Ulaya jukwaa lenyewe linalazimika kukusanya jina, anwani na akaunti ya malipo ya mfanyabiashara kabla ya kumruhusu auze. India, kanuni za biashara mtandaoni za 2020 zinataka afisa wa malalamiko akiri kupokea lalamiko ndani ya saa 48 na kulimaliza ndani ya mwezi mmoja.

#15 Kiprono_Bando

Sheria ya 2012 watu hawaisomi. Ina mambo mengi: bidhaa uliyoletewa bila kuagiza huna wajibu wa kuilipia. Maneno yenye utata kwenye mkataba yanatafsiriwa kwa faida ya mnunuzi. Na wale wanaoweka "migogoro yote itapelekwa kwa usuluhishi huko ng'ambo", kipengele hicho hakikuzuii kwenda Mahakama Kuu.

#16 BabaZuhura

Pia inaruhusu mnunuzi mmoja kushtaki kwa niaba ya kundi, hata kama mkataba unasema haruhusiwi. Hao watu 900 wa Njeri wana mlango.

#17 Njeri_Sera

Mlango upo, Baba Zuhura. Nani atalipa wakili kwa miaka miwili? Kesi ya kundi inahitaji mwenye pesa au shirika lenye subira.

#18 Ushahidi_Kwanza

Nadhani wote mnapita karibu na jambo lenyewe, nalo ni adhabu. Sheria ya Data inasema faini ya juu ni milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Kampuni kubwa ikiguswa asilimia 1 itaumia.

#19 KaraniWaMilimani

Kinyume chake. Kifungu cha 63 kinasema kilicho kidogo ndicho kinachotumika. Kampuni yenye mapato ya milioni 50 faini yake ya juu ni 500,000. Yenye mapato ya bilioni 10 inalipa milioni 5 basi, yaani asilimia 0.05. Ulaya ni euro milioni 20 au asilimia 4, kilicho kikubwa. Neno moja likibadilishwa hapo kwenye kifungu, hesabu yote inageuka.

#20 Ushahidi_Kwanza

Basi hoja yangu inakuwa na nguvu zaidi. Angalieni faini zilizotangazwa Septemba 2023: mwenye apu za KeCredit na Faircash alitozwa 2,975,000 kwa kuwasumbua watu waliokuwa kwenye orodha ya majina ya simu za wakopaji. Siku hizo hizo shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hadi faini ifike, mkopeshaji ameshakusanya madeni yake kwa vitisho. Kama faini ni ndogo kuliko alichokusanya, ataiweka kwenye bajeti yake kama kodi ya ofisi.

#21 Mhandisi_Malipo

Kwa apu za mikopo, faini haikufanya kazi kubwa kama mlango wa duka la apu. Kanuni za Benki Kuu za wakopeshaji wa kidijitali zilitoka Machi 2022, zikakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu walio kwenye simu yako. Waombaji wakapewa hadi Septemba mwaka huo. Wengi waliendelea kama kawaida. Mwanzoni mwa 2023 Google wakataka leseni ya Benki Kuu ndipo apu ya mkopo ikae Play Store kwa watumiaji wa Kenya, na baadaye mwaka huo wakazuia apu za mikopo kusoma orodha ya majina na picha. Apu nyingi zikatoweka.

Lakini angalieni kilichotokea baadaye: kiungo cha faili la apu kinatumwa kwa WhatsApp au Telegram, mtu anaruhusu simu isakinishe kutoka nje ya duka, na ruhusa zote zinarudi. Kabla ya kukopa, tafuta jina la kampuni, si la apu, kwenye orodha ya Benki Kuu. Kampuni moja inaweza kuwa na apu tatu.

Ukishaiondoa apu, majina yaliyopakiwa yamebaki kwenye seva yao. Kwa hiyo andika barua pepe ya kudai yafutwe, wana siku 14 za kujibu. Wasipojibu, peleka kwa Kamishna, ambaye anatakiwa kumaliza lalamiko ndani ya siku 90.

#22 Kiprono_Bando

Na hesabu ya riba! Apu inasema "ada asilimia 15 tu". Umeomba 10,000, wanakata ada kabla, unapokea 8,500, unalipa 10,000 baada ya siku 30. Ada halisi ni 1,500 juu ya 8,500, asilimia 17.6 kwa mwezi, na ukizidisha kwa 12 bila riba juu ya riba ni zaidi ya asilimia 211 kwa mwaka. CAK tangu 2016 waliagiza gharama ionekane kwenye skrini kabla ya kuthibitisha, na inaonekana, lakini kwa shilingi. Ingelazimishwa ionyeshwe pia kama asilimia ya mwaka mzima, juu ya kile mtu anachopokea mkononi.

#23 Shamsa_Pangani

Asilimia ya mwaka kwa mkopo wa siku saba inamsaidia nani? Mama wa mboga Marikiti anataka kujua: nikichukua 3,000 leo, Jumatano narudisha ngapi, na nikichelewa siku mbili inaongezeka ngapi. Shilingi ni sahihi. Kinachofichwa ni ile ya kuchelewa. Hiyo ndiyo ionekane kwenye skrini moja na mkopo wenyewe.

#24 BabaZuhura

Nakuunga mkono Shamsa, na niongeze simu za kulipa kidogo kidogo. Mfano wa hesabu: amana 4,000, kisha 90 kila siku kwa siku 365. Jumla ni 36,850 kwa simu ambayo taslimu ni 22,000. Tofauti ya 14,850 haiitwi riba popote kwenye karatasi. Na ukikosa siku moja simu inafungwa, pamoja na M-Pesa iliyomo unayoitegemea kupata pesa ya kuilipia. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2024 imeweka wakopeshaji wa aina hii chini ya Benki Kuu pia, pamoja na wale wa nunua sasa lipa baadaye. Sasa kanuni za utekelezaji ziseme wazi: simu ikifungwa, huduma ya malipo, namba za dharura na njia ya kulalamika zibaki wazi.

#25 MzigoKamukunji

Ikibaki wazi nani atalipa?

#26 BabaZuhura

Asiweze kutazama video na kuingia mitandao ya kijamii, atalipa haraka sana.

#27 Kijana_wa_CRB

Samahani kuuliza, nikilemewa na 700 ya apu naingia CRB, yaani orodha ya wadaiwa wabaya?

#28 Ushahidi_Kwanza

Hapana. Tangu Aprili 2020 deni lisilofika 1,000 haliripotiwi kama deni baya. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila ofisi ya taarifa za mikopo, nazo ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Ziombe zote, maana mkopeshaji mmoja anaweza kuwa ameripoti kwa moja tu. Turudi kwenye mada.

#29 Njeri_Sera

Swali lake halijatoka nje ya mada sana. Anayemnyima mkopo siku hizi ni mashine. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Data kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Anatakiwa kujulishwa kwa maandishi, na anaweza kudai uamuzi ufikiriwe upya au ufanywe upya na binadamu. Barua ni fupi: tarehe ya uamuzi, namba ya akaunti, "naomba uamuzi huu ufikiriwe upya na mtu chini ya kifungu cha 35". Wanaoitumia haki hii ni wachache mno, na kadiri bei na mikopo zinavyopangwa na programu, ndiyo itakayohitajika zaidi.

#30 Mhandisi_Malipo

Nayo ina mwanya: kampuni inaweka mfanyakazi anayebonyeza "kubali" chini ya kila uamuzi wa programu, kisha inasema haukuwa wa mashine peke yake. Kanuni itaje mtu huyo awe na uwezo wa kubatilisha, na kumbukumbu za mara ngapi amebatilisha zihifadhiwe.

#31 Kiprono_Bando

Mnasahau njia nyingine, kelele za mteja mmoja mkaidi. Mwaka 2019 wakili mmoja alipeleka suala la bando kuisha muda mbele ya baraza la rufaa la mawasiliano. Oktoba mwaka huo huo Safaricom ikaleta bando zisizoisha muda. Hakukuwa na sheria mpya wala mamlaka mpya.

#32 Njeri_Sera

Kiprono, bando hizo ziliwekwa bei yake, na zile za kuisha muda zikabaki. Mteja alipata chaguo. Kanuni hakupata.

#33 KaraniWaMilimani

Kuna aliyeniandikia pembeni akiuliza afanyeje kama muuzaji hana anwani ya kupelekewa hati. Kanuni za Mwenendo wa Madai zilibadilishwa 2020. Amri ya 5, kanuni ya 22B, inaruhusu barua pepe, na 22C inaruhusu ujumbe wa simu kama WhatsApp. Tuma kwa namba ile ile aliyoitumia mwisho kufanya biashara, hati kama PDF, si picha. Kisha mpelekaji hati aliyeidhinishwa anaandika kiapo akiambatanisha skrini inayoonyesha ujumbe umefika. Ukituma kwa namba aliyoiacha miezi sita iliyopita, kiapo chako hakina uzito. Fanya mapema, kabla hajatupa laini.

#34 Shamsa_Pangani

Na aliyenunua kwenye jukwaa la ng'ambo, mzigo ukafika chaja ya kuungua? WhatsApp ya muuzaji wa Shenzhen, China, haitasaidia.

#35 MezaYaMalalamiko

Kwa hiyo ndiyo narudi kwa anayepokea malipo hapa nchini. Kama mlipaji ametumia kadi, aombe benki yake ipinge muamala, utaratibu upo kwenye mitandao ya kadi na una siku zake za mwisho, kwa hiyo asingoje muuzaji amzungushe miezi mitatu. Aliyelipa kwa pesa ya simu hana utaratibu kama huo. Kwa nini mwenye kadi, ambaye mara nyingi ana kipato zaidi, alindwe kuliko mwenye kabambe, ile simu ndogo ya bei nafuu?

Na chaja za dukani hapa Moi Avenue, kabla hujalipa angalia alama ya ubora ya KEBS na namba ya kibali chini yake. Tuma SM# ikifuatwa na namba hiyo kwa 20023. Jibu linataja jina la kampuni na bidhaa. Kama jibu linataja unga na wewe umeshika chaja, rudisha kwenye rafu.

#36 MzigoKamukunji

Hoja ya kadi na kabambe imenigusa. Nalegeza kidogo: kushikilia pesa kuwe kwa Till isiyozidi siku 60 tangu isajiliwe, na kwa malipo yanayozidi 5,000 tu. Muuzaji wa miaka mitatu asiguswe. Na mnunuzi atakayedai kwa uongo azuiwe kutumia utaratibu huo kwa mwaka mzima.

#37 Mhandisi_Malipo

Matapeli watanunua Till za zamani. Tayari laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine zinauzwa. Ukiweka umri kuwa kipimo, umeipa Till ya zamani bei sokoni. Afadhali kipimo kiwe badiliko la ghafla: Till iliyokuwa ikipokea 2,000 kwa siku ikaanza kupokea 80,000 kutoka kwa namba ambazo hazijawahi kuilipa.

#38 MzigoKamukunji

Hilo litamkamata kila muuzaji wa sare za shule mwezi Januari.

#39 Njeri_Sera

Basi iandikwe hivyo. Wizara au Bunge likiita maoni ya umma kuhusu sheria yoyote ya malipo au biashara mtandaoni, usipeleke insha. Karani wa kamati anapanga maoni kwa kifungu: namba ya kifungu, tatizo, maneno mapya unayopendekeza, sababu. Maoni yasiyotaja kifungu yanawekwa kwenye fungu la "maoni ya jumla". Nitaanza na kifungu cha 63 cha Sheria ya Data, "kidogo" kiwe "kikubwa". Kanuni ya taarifa za muuzaji ni ya pili. Ya tatu, kushikilia malipo, bado hatujakubaliana hata humu.

#40 Shamsa_Pangani

Ya tatu iandike kwa saa 6, si 24. Mzigo wa boda ndani ya Nairobi unafika siku hiyo hiyo, mnunuzi ameshaufungua kabla ya jioni.

#41 MezaYaMalalamiko

Na anayeagizia kutoka Lodwar? Kwake saa 6 ni sawa na sifuri. Weka ihesabiwe tangu mzigo upokelewe.

#42 MzigoKamukunji

Nani atathibitisha umepokelewa? Dereva wa basi?